Masele na Mbuke Wake wa Zamani

Kharumwa nzima inampenda Masele. Mimi ananitia kichefuchefu.

Nianze na anachopendewa. Alikuwa mchimbaji wa kawaida, anashuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, na kamba kiunoni. Siku moja mwamba ukamfungulia, na leo ana makarasha ya kusagia mawe, gari jeupe la vioo vyeusi na ghorofa lenye vigae mpaka uani. Spika za kanisani kanunua yeye. Mwanafunzi akifukuzwa ada, analipa bila kujitangaza. Hayo ni kweli.

Lakini akikaa sokoni na soda yake, lazima hadithi yake ifike kwa Mbuke, binti aliyempenda alipokuwa hana kitu, ambaye baba yake alidai ng'ombe wengi mno. Hapo anatoa kitambaa, anajifuta machozi. Wauza dagaa wanaguna, "Jamani, kupendwa!"

Huyo Mbuke ni mama yangu. Mtaani ni Mama Hosiana, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Ameolewa na baba, Ndaki, mkulima wa mpunga.

Jumamosi moja tunapepeta mpunga, jirani akaja mbio. "Mama Hosiana, wahi kwa baba yako! Masele kapeleka ng'ombe!"

Mama alishusha ungo taratibu. Kwetu mke akiachana na mumewe, ng'ombe wa mahari hurudishwa. Masele alitaka babu amrudishie baba ng'ombe aliowatoa, kisha apokee hawa wa Masele. Yaani mama abadilishwe kama betri ya tochi! Na babu akiwaacha walale zizini, ni kama kakubali.

Tulimkuta babu Maduhu ameegemea zizi, macho yanamng'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemwona yule mwekundu? Maziwa yake..."

"Baba, umepokea?"

"Sijapokea, mwanangu. Nimesema wapumzike tu, wametoka mbali."

"Basi wameshapumzika."

Mama akavuta miti ya mlango wa zizi, akachukua fimbo mkononi mwa babu, akawaswaga. Mimi nilikwenda pembeni nikizuia ndama. Sokoni mtu akapiga kelele, "Mama Hosiana, ndiyo unahamia?" Wakacheka. Mama hakugeuka.

Masele alifungua geti mwenyewe. Ng'ombe wakaingia hadi kwenye vigae, wakaanza kunya. Hakuwaona. Alikuwa anamtazama mama, na uso ukamshuka. Miaka yote alimwona akipita tu, kupitia vile vioo vyeusi. Sasa akaangalia visigino vyenye nyufa, tumbo lililotubeba, makapi ya mpunga kichwani.

"Mbuke, mbona umechakaa hivi?"

Kisha akajikaza kutabasamu. "Si neno. Mwanza kuna madaktari. Na nguo zako zipo, nilinunua kwa kipimo chako." Akaagiza zikaletwa: magauni ya kiuno chembamba ambayo hata mimi yasingeniingia. "Utapungua tu."

Machozi yote yale sokoni, kumbe mwenzetu analilia gauni.

Mama alishika moja, akapima kitambaa kwa vidole. "Zuri. Mtafute atakayelivaa." Akalirudisha. "Na uache kumsema baba yangu. Wale ng'ombe wengi alikutajia kwa sababu nilimwomba. Nilikuwa sikutaki, na sikuweza kukuambia usoni."

"Unasema hivyo kwa hasira."

"Sina hasira, Masele. Fungia ng'ombe wako."

Tukaondoka. Nyuma yetu nilimsikia akimfokea mfanyakazi afute mavi.

Wiki iliyofuata alikuwa sokoni tena, na hadithi imeongezeka: eti Mbuke alimfuata kwa miguu, analia, anataka kurudiana, naye akamwonea huruma Ndaki, akamrudisha kwa mumewe. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Mmoja akamlipia soda.

Nilimweleza mama. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo ndiye aliyenirudisha kwa baba yako? Haya, kamwambie asante."

Sijaenda. Nikipita sokoni nazunguka upande wa mashine za kukoboa, na nikimwona anatoa kile kitambaa cha machozi natema mate.