Chai ya Kungojea Injini Ipoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa kuwa na adabu. Nilikuwa nimeajiriwa katika gereji moja ya Industrial Area, ovaroli yangu ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Mteja alipoingia na gari lake nilimkimbilia, nikampa mkono na kumuuliza habari za nyumbani, kama nilivyofunzwa na mama yangu kule Machakos. Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, alinivuta kando kwa kola.

"Umesalimia mtu. Na gari je?"

Nilidhani ananichezea. Akanipeleka mbele ya gari, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya boneti na kutulia kama mama anayempima mtoto homa. Alinieleza kwamba kiganja cha fundi hufa ganzi kwa spana na petroli, lakini mgongo wa mkono bado unahisi. Gari likiletwa kukaguliwa, jambo la kwanza ni kujua kama injini ni baridi au imeshawashwa. Mengine yote, pamoja na habari za nyumbani, yanaweza kungoja.

Nawaeleza sababu ninyi vijana, kwa maana siku hizi mnachomeka kompyuta chini ya usukani na kusoma makosa kwenye kioo chake. Siidharau kompyuta. Lakini injini ikilala, oili huteremka na kutulia kwenye sampu, lile bakuli la chuma lililo tumboni mwake. Ukiiwasha ikiwa baridi, sehemu za juu huzunguka kwa muda mfupi bila oili ya kutosha, na hapo ndipo ugonjwa hutoa sauti. Mnyororo wa taimingi, ule unaozifanya vali zifunguke kwa wakati wake, ukiwa umelegea utachakacha kama sarafu ndani ya mkebe. Kisha oili inapanda, sauti inapotea, na injini inanguruma kana kwamba haijawahi kuugua hata mafua. Mwenye gari bovu anayajua hayo. Ataliwasha mapema lipate moto, ndipo akuite uje kuliona.

Dawa ya Fomeni kwa ujanja huo ilinichekesha mwanzoni. "Boneti ikiwa moto, usigombane na mtu," aliniambia. "Atakukaribisha chai. Kunywa. Ukimaliza, kunywa ingine. Uliza watoto wanasoma wapi, uliza mvua imenyesha aje kwao. Ikipoa ndio useme, haya, hebu tuiwashe."

Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote. Hakuna nyumba Nairobi ambamo mgeni ataambiwa aache kikombe katikati aende zake, na mimi nilikitumia kikombe hicho kama chombo cha kazi. Nilipohamia kampuni moja ya kuuza magari pale katikati ya jiji, Meneja wa Karakana, mtu wa tai na saa kubwa, hakupendezwa.

"Musyoka, nakulipa ukague magari ama ukule chapati za watu?"

"Yote mawili, bosi," nilimjibu, na wenzangu wakajificha nyuma ya magari wacheke. Baadaye, alipotaka kumnunulia mkewe gari, ni mimi aliyeniomba tuandamane, na alikunywa chai nyingi kunishinda.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa katika yadi moja ya Ngong Road, nikiitwa Mkaguzi Mkuu. Huko nilikutana sana na wale wapenzi wa magari ya kifahari yaliyochakaa. Kijana anaona gari la Kijerumani lenye viti vya ngozi likiuzwa kwa bei ya kigari kidogo cha sokoni, na mate yanamtoka. Nilikuwa nikiwaambia, gari likizeeka bei yake inashuka, lakini vipuri vyake haviambiwi kwamba limezeeka. Wengine walinisikiliza. Wengine walininunia, wakanunua, kisha wakarudi kwangu wakivutwa kwa kamba, injini imenoki, yaani imejigonga ndani hadi ikafa. Sikuwacheka. Mtu akitamani kitu kizuri hana kosa.

Nilistaafu nikapewa keki na saa ya ukutani, nikarudi nyumbani Woodley kuwa mzee wa redio na magazeti. Nilidhani hapo kazi imeisha.

Mwaka huu binti yangu, Mwende, alikuja Jumamosi moja asubuhi. Kwa miaka mingi amekuwa akiendesha gari la mtu mwingine, akibeba abiria wanaoitisha kwa simu, na jioni anampelekea mwenye gari fungu lake kabla ya kujua yeye atakula nini. Alikuwa ameweka akiba katika chama chao cha wanawake, na sasa zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika.

"Daddy, redio yako inasikika mpaka Kenyatta Market," alisema akiipunguza. Nilicheka. "Nimepata gari. Ile ya wakubwa, leather, kila kitu. Watu wa hoteli watakuwa wananiita kila siku. Shida ni taa ya engine tu inawaka, na fundi wao amesema ni sensor."

Nilimtazama nikaona ameshajiona ndani yake. Akikosea, pesa za chama zingeishia kwenye injini mfu, na yeye angerudi kwenye usukani wa gari la mtu, pengine kwa miaka mingine mingi. Nikavaa koti.

Gari lilikuwa Kilimani, katika moja ya zile nyumba za zamani zilizobaki zikizungukwa na magorofa. Mwenyewe, Mama Wairimu, ni mjane mpole. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Kabla ya kumpa mkono niliweka mgongo wa mkono juu ya boneti. Moto.

"Karibuni ndani, Mzee. Chai iko tayari," alisema.

"Asante sana, mama. Hatukatai."

Mwende aliniangalia kwa jicho la kukata tamaa, kwa maana amekua akiijua chai hiyo. Tulikunywa, tukaletewa mandazi, tukasikia habari za marehemu na jinsi alivyokuwa akiliosha gari lile mwenyewe kila Jumapili kabla ya kanisa. Saa ya chakula ikatukuta pale pale. Hatimaye nilitoka, nikagusa boneti, ikawa baridi. Nikamwomba Mama Wairimu aliwashe. Niliinama juu ya injini nikafumba macho, kama Fomeni alivyonifunza.

Liliitika laini kabisa. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kazini, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeomba gari la kifahari liwe zima. Nilifumbua macho na kuinua kidole gumba.

Mwende alikuwa amekunja uso. "Daddy, hiyo ilikuwa nini?"

"Nini?"

"Hiyo kelele. Imeisha sasa."

"Hakuna kelele, mama. Iko sawa."

"Ilikuwa. Ya coins kwa mkebe. Si ndiyo hiyo ulikuwa unatuambianga?"

Nilitazama injini, nikamtazama yeye. Ningeweza kubisha, mimi ndiye Mkaguzi Mkuu. Lakini nilikumbuka redio. Nikamgeukia Mama Wairimu na kumwomba, kwa aibu, kama kuna chai nyingine.

Jua lilikuwa limeelekea Ngong tuliporudi uwanjani. Safari hii sikutega sikio. Nililaza mgongo wa mkono juu ya kifuniko cha injini. Gari likawashwa, Mwende akasema, "Hiyo, hiyo," nami sikusikia chochote isipokuwa ngurumo tamu. Lakini chini ya mkono wangu chuma kilikuwa kikitetemeka vibaya, kisha kikatulia. Mnyororo ulikuwa umelegea, na nilikuwa karibu kumwambia mwanangu anunue.

Nilimweleza yote. Katika injini ya aina ile mnyororo uko nyuma, kwa hiyo kuubadilisha ni kuitoa injini nzima. Ukiruka ukiwa barabarani, vali na pistoni zinagongana na hakuna cha kutengeneza tena. Mama Wairimu alishika kifua.

"Fundi ndiye aliniambia niiwashe mapema kabla mje. Haki sikujua ni ya nini."

Nilimwamini. Mwende alipitisha mkono kwenye kiti cha ngozi, taratibu, kisha akafunga mlango. "Basi wacha ikae," alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo. Hilo nililisikia.

Tukirudi nyumbani iliniuma sana. Miguu ikichoka mtu anaona, macho yakififia mtu anajua, lakini masikio yangu yalikuwa yameondoka bila kuniaga, yakaniacha nikisimama mbele ya magari na kutikisa kichwa kama mtu anayejua. Keki na saa ya ukutani havikuwa kustaafu. Nilistaafu Kilimani, mbele ya binti yangu.

Tulipofika langoni, Mwende alizima lile gari la mtu analoendesha.

"Kuna ingine Kileleshwa. Hiyo ni kawaida, si ya wakubwa. Jumamosi ijayo utanisindikiza?"

"Nije kufanya nini, mama, na sisikii?"

"Nitasikiza mimi." Alinichukua mkono akaugeuza, akaupapasa mgongo wake. "Wewe utashika boneti. Halafu, Daddy, nikienda peke yangu watanipatia kikombe moja tu. Nani atakunywa chai mpaka injini ipoe?"