Nailoni ya Fundi Suti

Mtaani tulimwita Fundi Suti. Alishona suti za maharusi kwa miaka thelathini, na alikuwa na ulimi wa upupu. Ukimpelekea nailoni ukidai ni pamba, alikucheka mbele ya wateja mpaka utamani ardhi ipasuke.

Alipougua saratani ya tezi dume alitibiwa kwa mionzi, akapona. Mwaka wa sita kibofu kikaanza kutoa damu na kuvuja ovyo. Daktari alimweleza kwamba mionzi ile ile iliyomponya ilikuwa imeua mishipa midogo ya damu, na sasa dawa ni hewa: vipindi arobaini ndani ya chumba cha chuma chenye mgandamizo mkubwa, akivuta oksijeni kwa barakoa.

Waliingia wagonjwa watano kwa pamoja. Kila asubuhi nesi aliwapa magauni ya pamba, kisha akamuuliza kila mmoja kama ana mafuta mwilini, kiberiti au nguo ya nailoni, kwa sababu nailoni ikisuguana hutoa cheche, na mle ndani cheche moja ingewateketeza wote. Fundi alijibu hana kitu. Chini ya gauni alikuwa na nepi aliyojishonea mwenyewe kwa siri, ndani pamba, nje nailoni ya mwavuli. Hata mkewe hakuijua. Angemwambiaje nesi, binti wa rika la kitinda mimba wake, kwamba mzee mzima anajikojolea?

Siku ya kumi na mbili, mwalimu mstaafu aliyekaa naye bega kwa bega, mama aliyeharibika taya kwa mionzi, alikiri mwenyewe kwamba amejisahau akapaka mafuta kichwani. Akapelekwa kuoga. Aliporudi akamgeukia fundi.

“Unisamehe, kaka. Ningekuunguza bure, na hujanikosea kitu.”

Fundi alitahayari mpaka masikio yakamwaka moto. Nesi alikuwa anavuta mlango.

“Nesi, ngoja,” akasema. “Nimevaa nailoni. Tangu siku ya kwanza.”

Nesi hakumfokea. Alimtoa nje, akafungua kabati lililojaa nepi za pamba mpaka juu.

“Ungesema tu, baba. Nusu ya wagonjwa wangu wanazivaa.”

Alibadilisha, akarudi. Mwalimu alikuwa amehamia benchi la upande wa pili, na hakumtazama tena, si siku hiyo wala katika vipindi vyote ishirini na nane vilivyobaki.