Windad na Tembo Kipofu

Windad alizaliwa ng'ambo ya mto Tigris, mkabala na jumba la kifalme, na, kama baba yake, alitunza tembo wa vita wa mfalme wa Uajemi. Tembo wake, jike aitwaye Humay, Windad alimlea tangu akiwa ndama. Alimjua kuliko alivyomjua mkewe Denag, na Denag hakuchoka kumwambia hivyo.

Siku ya vita kule Kadisia, Waarabu walilenga macho ya tembo. Humay alipochomwa mkuki jicho la pili aligeuka, akakanyaga watu wa upande wake mwenyewe, akavuka mfereji na kutokomea. Windad, aliyekuwa juu yake, alianguka, mkono ukavunjika. Jeshi liliposambaratika wenzake walikimbilia mjini. Yeye alifuata nyayo. Alimkuta kwenye mitende, amesimama, anatetemeka.

Hapo Waarabu wawili wakawafumania. Mmoja alijua Kiajemi.

"Mzee, mnyama wako anakula nini?"

"Majani. Mabua. Tende, ukimpa."

"Na watu je?"

"Angekula watu, mimi ningebaki?"

Yule akamtafsiria mwenzake, wakacheka hadi wakashika mbavu. "Nenda naye. Ngamia wanatutosha."

Akaenda naye kijijini kwa wakwe zake, alikokimbilia Denag. Mwanamke akashika kiuno. "Jeshi limekwisha, na wewe waniletea kipofu!" Lakini ndiye aliyeviosha vidonda kwa maji ya chumvi.

Humay akazungusha kinu cha kusagia nafaka cha kijiji miaka mingi, mpaka uzee ukamwangusha. Mfalme akafia ugenini, mbali huko mashariki; kijijini watu walisikia, wakaendelea kuvuna. Mwana wa Windad, Mahoy, akasilimu.

"Baba, sasa naitwa Salim."

"Vizuri. Mimi nitakuita Mahoy. Ukiitika, chakula kipo."

Akaitika. Baba hakuacha kusali mbele ya moto wake mtakatifu, kwa dini ya wazee wake, mwana hakuacha swala zake, wakala sinia moja.

Windad alipofariki alikuwa ameusia asizikwe, bali aachwe mahali pa juu kwa ajili ya ndege, kama wazee wake. Rafiki wa msikitini alimshika Salim bega. "Huyo ni baba yako, bwana. Mzike."

"Ni baba yangu, ndiyo maana nafanya alivyotaka."

Akambeba pamoja na wajomba zake, akamlaza juani, akarudi kumpikia mama yake uji.