Mvuke Uliotupwa Hewani

Agar Mbuyi alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa akichochea moto wa kiwanda cha mafuta ya ngazi, tunda la mchikichi, na sabuni, hapa Kamina, karibu na reli. Babu yake aliendesha treni za mvuke, na Agar alizijua tabia za mvuke kama wengine wanavyozijua tabia za mbuzi wao.

Ndiyo maana alikuwa na hasira. Kila asubuhi alichoma maganda ya ngazi chini ya shodiere, lile birika kubwa la chuma, na mvuke ulitoka na nguvu kupita mahitaji ya masufuria ya sabuni. Uliozidi aliufungulia vali, ukaenda zake mbinguni. Na nyuma ya ukuta uleule groupe, jenereta ya kiwanda, ilinguruma, ikinywa mazutu, yaani dizeli, iliyoletwa kwa treni, ili taa ziwake na pampu ya kuingiza maji kwenye shodiere izunguke. Ghalani, chini ya turubai, ilikuwa imelala mashine ya mvuke yenye dinamo, iliyoachwa na wenye kiwanda wa zamani.

Mara tatu alimwendea direktere wa kiwanda, Bwana Théo.

"Patron, tupitishe mvuke mu ile mashine kwanza. Itatupatia kura, umeme ya taa na pampu. Ikitoka mule iko bado moto, njo itapika sabuni. Moto moja, kazi mbili."

"Mama Agar," alijibu Théo bila kuinua macho, "weye ni muntu ya kutia maganda mu moto. Mambo ya kura achia ba-ingénieurs."

Mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, groupe ilikohoa ikazima. Pampu ikasimama. Agar alitazama kioo cha shodiere akaona maji yanashuka, na chini moto unawaka vilevile. Shodiere ikikauka hupasuka.

"Toeni moto!" alipiga kelele.

Gaston Nkulu, mwenzake wa zamu, alishika reki ya chuma akaanza kukokota makaa nje. Agar alifungua vali zote. Shodiere ilipona. Gaston hakusalimika: lundo la maganda yenye mafuta, yakiwa yanawaka, lilimporomokea, likamwunguza mkono wa kuume hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake Théo aliagiza moto uwashwe, kwa kuwa groupe ilikuwa imetengenezwa. Agar alipanda ofisini na kuweka mezani, juu ya karatasi za Théo, shati la Gaston lililoungua.

"Minyi siwashi."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa kuzika bantu. Mashine ikiwa mu kazi, pampu itafuata mvuke, haitangoja mazutu yako. Niliambia weye mara tatu!"

Théo alimfukuza palepale. Lakini alipoita mwingine awashe, hakuna aliyesogea. Wanawake wa sabuni walikaa chini uani, mikono mapajani. Siku nne masufuria yalikuwa baridi. Siku ya tano Théo akamrudisha Agar na kukubali mashine ifufuliwe, naye akaja na Papa Lucien, fundi mstaafu wa reli. Walifungua ile mashine, wakakuta pistoni nzima. Ilihitaji kusafishwa kutu, vifungio vipya, bomba la mita kumi na mbili. Kazi ya wiki saba.

Ilipozunguka, taa za kiwanda ziliwaka na sabuni ikachemka kwa mvuke uleule. Siku ya sherehe Théo alisimama mbele ya wageni, akasifu "wazo zuri la direksyo".

"Wazo ya nani?" Agar aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

Wageni wakageuka. Akamshika Gaston begani, akamsogeza mbele.

"Muonyeshe bageni mukono, Papa Gaston."

Gaston aliuinua. Vidole vitatu havikunjiki tena. Théo alikunja hotuba yake na kuitia mfukoni, na Agar akarudi kwenye moto wake.