Siku Niliyoombewa Nikiwa Ndani ya Gauni la Mama

Jameni, kama ulikuwa Buruburu Jumamosi ile na ukaona akina mama wa kanisa wakitoka mbio kwa nyumba yetu, wengine na kiatu kimoja, nakuomba usicheke mpaka nimalize. Aibu ni yangu, nimeikubali. Mimi mwanaume mzima, nina ndevu na watoto watatu, lakini mpaka leo nikipita pale kwa kibanda cha mboga naitwa Mama Mdogo.

Ilianza na goti la Mama. Mama anaishi peke yake katika nyumba ile ile tuliyolelewa, na goti lilipovimba dada yangu Nekesa, aliyeolewa Bungoma, akatoa amri kwa simu (Nekesa haongei, huamuru, ni kitindamimba tu lakini ana sauti ya chifu): "Simiyu, kama kufikia kesho hujapata mtu wa kumwangalia Mama, nakuja kumchukua." Mama kusikia hivyo akaketi polepole. Bungoma anaipenda, alizaliwa huko, lakini maisha yake yako Buruburu, kanisa lake, sukuma wiki yake kwenye gunia, marafiki zake wa kugombana nao. "Mkinitoa hapa nitakufa," akasema, na Mama si mtu wa kutupa maneno kama hayo ovyo.

Basi nikakaza kamba. Nikapanga kila kitu, nani atafua, nani atamwogesha, atakula nini, atalala saa ngapi, yaani nilipanga kama serikali (kumuuliza mwenyewe? wala sikukumbuka). Nikapata dada mmoja anaitwa Mwikali, kazi yake ni kuhudumia wazee manyumbani, na watu walikuwa wamemsifu sana. Lakini si mnajua zile hadithi za wahudumu wanaokuwa malaika mbele ya watoto wa mzee na chui wakishaondoka? Nikaona, mbona nisimjaribu. Mama alikuwa ameenda soko la Kariokor kushonesha akala zake, vile viatu vya tairi (alikataa nimsindikize, akasema kinachouma ni goti, si akili), kwa hivyo nikavaa gauni lake la maua, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaingia kitandani mwake na kuvuta blanketi mpaka puani. Mwikali nilikuwa nimempigia simu aingie tu, mlango uko wazi. Na soja wa geti, aliyekuwa ameingia zamu Mama akishatoka, nilikuwa nimemwambia, "Kuna nesi anakuja kumwona Mama, muonyeshe nyumba." Hapo ndipo nilipojimaliza, ila sikujua.

Mwikali akaingia polepole. "Habari ya asubuhi, Mama? Naitwa Mwikali. Ungependa chai kwanza ama tuongee?"

"Chai," nikajibu kwa sauti nyembamba.

Nikajiambia, huyu amepita, sasa nitajifunuaje bila kumtia wazimu? Kabla sijapata jibu akasema acha kwanza aone goti, akaingiza mkono chini ya blanketi, akashika mguu. Sasa mguu wangu, ndugu zangu, ni mguu wa beki, na una nywele ungedhani ni zulia. Mkono ukasimama papo hapo. Akauliza kwa heshima zote, "Mama, hizi dawa unazomeza ulipewa na nani?"

Sijajibu, nikasikia wimbo wa kanisa mlangoni. Wueh! Mtaani kwetu nesi akija nyumbani maana yake ni hospitali imenawa mikono. Soja alikuwa amemwambia Mama Otis, jirani yetu na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, na Mama Otis hana haja ya redio. Akina mama wakajaa chumbani na sukari, na mikate, na nyuso za matanga. Ningesema nini? Nikafunga macho.

Mikono ikanishukia kichwani, tumboni, kila mahali. Mama Otis akapiga magoti, akashika blanketi na kulia, "Bwana, dada yetu ameteseka, kama umeamua kumchukua mchukue taratibu. Na watoto wake, Bwana, uwakumbushe kwamba zile sufuria kubwa za jikoni ni za kikundi!"

"Amina!"

Kumaliza kuomba, mjadala. Azikwe Bungoma ama hapa Nairobi? Avalishwe sare ya kikundi ama lile gauni la buluu? Mmoja akasema buluu humfanya aonekane mnene. Nami nimelala pale katikati, na mnaweza kushangaa lakini nilianza kukasirika kwelikweli, nataka kuwapigia kelele, niulizeni basi, si niko hapa!

"Nani amekufa kwangu?"

Alikuwa Mama, amesimama mlangoni, akala zake kwapani. Jameni, mbio! Waliomwona walidhani ni roho yake imekuja kuaga. Wengine walipitia jikoni, mmoja alitaka kupitia dirishani akakumbuka kilo zake. Mama Otis peke yake ndiye ambaye hakukimbia, magoti yalikataa, akaanguka kando na blanketi langu mkononi, na hapo nikabaki mbele ya Mama, Mwikali na Mungu, ndevu na maua.

Mama akavuta kiti, akaketi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Leo umekilalia. Umeonaje?"

(Kunguni hakuna, Mama ni msafi, nasema mapema.)

"Vibaya, Mama. Wanapanga kila kitu na hakuna anayeniuliza."

Akaweka akala zake sakafuni. Nikasikia nilichosema, na ile aibu ya pili ikaizidi ya gauni.

Mwikali ndiye aliyetuokoa. Alimgeukia Mama mwenyewe akasema, "Mama, tuanze upya. Wewe ungependa nini?" Na Mama, kumbe alikuwa na majibu tangu zamani, goti likandwe asubuhi, mfereji ukikauka abebewe maji, kuoga ataoga mwenyewe, kupika atapika mwenyewe, na Alhamisi mtu asije, Alhamisi ni ya kikundi. Akina mama wakaanza kurudi mmoja mmoja kutafuta viatu, na Mama Otis, bado yuko sakafuni, akasema jioni atakuwa akipitia yeye. Nekesa akapiga simu ya video wakati huo huo, akaniona, akacheka mpaka simu ikamwanguka. Alipoiokota sauti ya chifu ilikuwa imekwisha. "Mama," akasema, "unataka kukaa huko?"

"Nataka."

"Basi kaa."

Nimeapa sitampangia tena mtu mzima maisha yake bila kumuuliza, na kwa kitanda cha mtu mwingine sitaingia hata nikiwa mgonjwa. Gauni nililifua kwa mikono yangu, nikalipiga pasi, nikampelekea. Mama akalishika mabegani, akaona limepanuka, akanirudishia.

"Liweke," akasema. "Siku watoto wako wakianza kukupangia, utalihitaji."