Sinia la Gaudens

Kwa miaka sita Kijakazi alimlisha Gaudens. Kila adhuhuri alifika gereji pale Gerezani na sinia kichwani, limefunikwa kawa, akalitua kwenye benchi mbele yake. Gaudens ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafundi, na pale hakuna aliyethubutu kufunua kawa kabla yake. Ilikuwa wali na maharage, na samaki wa nazi siku za Ijumaa. Akishashiba alijipangusa mdomo na kumsifu shemeji yake. Alimwita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa mumewe, Bakili. Wote watu wa kusini, mmoja wa Lindi, mwingine wa Songea, walikutana mjini wakashikana kama ndugu.

Basi ndugu huyo ndiye aliyetaka kuwapokonya lori.

Lori lenyewe lilikuwa mtumba wa Japani, la miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari yakawa yanamwagwa bandarini kila wiki. Bakili alikuwa ameendesha malori ya watu tangu ujana wake, na hatimaye akapata la kwake. Akabeba saruji, akabeba vitunguu vya Kariakoo, akaanza kutembea kifua mbele. Mwaka wa pili lori likaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Mlima wa Kimara likawa linaupanda kwa kuhema, huku watu wa miguu wakilipita.

Bakili angelipeleka kwa nani tena? Gaudens akasikiliza injini, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema pistoni zimekwisha, silinda zimelika, injini imekufa na haina dawa. Lakini kwa kuwa wao ni ndugu, angelichukua hivyo hivyo kwa bei ya chuma chakavu. Wangeandikiana Jumamosi. Bakili akamshukuru, akalirudisha lori polepole nyumbani Ilala, akaliegesha nje na kukaa kizingitini kama mtu aliyefiwa.

Kijakazi naye aliamini, mpaka Jumatano. Siku hiyo alipita Kariakoo, duka la vipuri la Natvarlal, akitaka tu kujua kama pistoni za gari lile zinapatikana. Alimkuta Hemlata, mke wa Natvarlal, mama aliyejua kila kipuri dukani mle kwa namba yake. Hemlata akaangalia karatasi aliyopewa, yenye aina ya gari, akashangaa.

"Gari hili? Fundi Gaudens alichukua gasketi ya manifodi juzi, ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Pistoni hakuuliza."

Kijakazi akamwomba arudie, naye akarudia. Kwa miaka sita alikuwa amewapakulia mafundi wale chakula, nao wakizungumza mbele yake kama vile yeye ni nguzo ya banda. Aliyasikia yote. Alimsikia Gaudens mwenyewe, mdomo umejaa wali, akiwaeleza wenzake kwamba kwenye injini hizi dizeli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili na masizi hugandia pale mpaka hewa ikose njia. Gari hukosa pumzi likafuka moshi, na mwenyewe akadhani limekufa. Kumbe linataka kusafishwa tu, unafungua manifodi, lile bomba pana linalogawa hewa, unaingia kazini. Na wote wakacheka.

Nao walikuwa wanacheka chakula chake kikiwa mdomoni. Hilo ndilo lililomuuma kuliko lori.

Gasketi nyingine ya kuziba maungio haikuwepo, akanunua karatasi ngumu ya kuikatia. Alipofika nyumbani akamweleza mumewe. Bakili akakataa kusikia, akasema Gaudens hawezi, wametoka mbali.

"Amesema pistoni zimekufa," Kijakazi akasema, "halafu ananunua gasketi ya manifodi. Ya kufanyia nini, Baba Sitara?"

Bakili akainuka. Akaenda kutafuta spana.

Alhamisi Kijakazi hakupika. Gereji ikala mihogo ya kukaanga, na watu wakauliza mama ntilie wao anaumwa nini. Alikuwa Ilala, kabini imeinuliwa, kanga imefungwa kiunoni. Bakili alipoivua manifodi wakachungulia wote wawili. Matundu yalikuwa meusi tii, yamezibwa na uji mzito ulioganda, na la mwisho lilibaki na nafasi ya kupita kidole tu.

Bakili alitaka aanze kukwangua papo hapo. Kijakazi akamzuia, maana hilo nalo alikuwa amelisikia: ukikwangua valvu ikiwa wazi, uchafu unadondokea ndani ya silinda, hapo ndipo injini inakufa kweli. Bakili akawa anazungusha injini kwa spana kidogokidogo, naye anamimina mafuta ya taa kwenye tundu. Yakizama, valvu iko wazi, wanazungusha tena. Yakitulia, imefunga. Wakayaacha yalowe, kisha wakakwangua kwa mpini wa mwiko aliouchonga ncha, kwa kuwa chuma kingechubua kiti cha valvu, pale inapofungia. Wakasugua kwa brashi ya chupa, wakafyonza uchafu kwa vitambaa, wakahamia silinda nyingine. Kazi ya asubuhi mpaka alasiri. Kila kilichotoka Kijakazi alikikusanya kwenye bakuli, hata mabaki ya kwenye brashi. Bakili alipotaka kuyamwaga, akamwambia ayaache, ana mgeni wa kumwandalia.

Gasketi waliikata kwa kuigongagonga karatasi juu ya manifodi mpaka ikachukua umbo. Jua lilikuwa bado juu Bakili alipowasha. Lori likakohoa, likatema wingu moja jeusi, likatulia. Akakanyaga mafuta na moshi haukuja. Bakili akalala juu ya usukani akacheka. Kijakazi hakucheka, alikuwa bado hajamaliza.

Ijumaa, adhuhuri, akaingia gereji na masinia mawili. Moja akaliweka pembeni, jingine akalitua mbele ya Gaudens. Mafundi walijaa kwenye benchi, na wateja wawili watatu walikuwa wakisubiri magari yao. Gaudens akamuuliza shemeji yake alipotelea wapi jana, watu wamekufa njaa. Akanawa mikono bila haraka, kama ilivyo kawaida ya wakubwa, akafunua kawa.

Bakuli lilijaa masizi mpaka juu, meusi, yanang'aa kwa mafuta. Kijiko kilikuwa kimewekwa kando.

"Shemeji," Gaudens akasema, "huu utani gani?"

"Hapa hakuna utani. Hizo ndizo pistoni ulizosema zimekwisha. Jana tumezitoa kwa mwiko." Akanyoosha mkono. "Na ile gasketi uliyoiwahi kwa Hemlata niuzie, ya kwangu ni ya karatasi."

Nje, Bakili akasimamisha lori, saruji imejaa nyuma, injini ikinguruma bila moshi. Hakupiga honi wala hakushuka. Gaudens alimtazama mara moja tu, akainamisha macho kwenye bakuli.

Ndipo mzee mmoja kati ya wale wateja akainuka. Lori lake lilikuwa limelala ua wa nyuma wiki mbili. Akalisogelea sinia, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akamgeukia Gaudens.

"Na langu uliniambia limekufa," akasema. "Nipe funguo zangu."

Hapo Kijakazi akasikia raha iliyomjaa mwili mzima, na wala hakuona haya kuisikia. Akalifunua sinia la pili, la samaki wa nazi, akaanza kuwapakulia mafundi mmoja mmoja. Alipofika kwa Gaudens akampita, akampakulia yule mzee.