Sera ya Kurasa Mbili

Tatu Mwinjuma aliandika kurasa thelathini na mbili, akazichapa, akazitia kwenye jalada jipya la bluu, na siku ya kwanza alipozisoma mbele ya watu, mmoja wao alisimama akaondoka zake.

Mtu huyo alikuwa Rosa, mama wa makamo kutoka Magoma, mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe. Rosa alitembelea gongo moja tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuchambua nyuzi katika chumba cha brashi, ambamo husafishwa kabla ya kufungwa. Siku hiyo watu kama sitini walikuwa wamekaa juu ya marobota ghalani, wakati wa mapumziko ya saa saba, wakimsikiliza Tatu, afisa rasilimali watu wao. Kampuni ilikuwa imemwagiza aandike sera ya ujumuishi wa wenye ulemavu na afya ya akili kazini, maana wanunuzi wa nje walikuwa wameanza kuiulizia. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mfanyakazi mwenye changamoto ya afya ya akili atajaza fomu namba tatu, Rosa akanyanyuka.

"Samahani, dada Tatu," alisema. "Mguu wangu kila mtu anauona, na sijawahi kuujazia fomu. Leo unataka tuandike kwa mikono yetu wenyewe kwamba sisi ni vichaa? Fomu hiyo ikishakaa ofisini, nani atanipa kazi tena?"

Akatoka. Wengine wakamfuata, baadhi wakicheka kwa aibu. Tatu alibaki na jalada lake na watu saba, na wale saba nao walibaki kwa heshima tu.

Hakumkasirikia Rosa. Aliijua rasimu yake vizuri. Nusu yake aliiokota kwenye sera za kampuni nyingine, na nusu nyingine kwenye semina aliyohudhuria Morogoro. Kilichomuuma ni kwamba jambo lenyewe alilifahamu kuliko mtu yeyote mle ghalani, na bado alikuwa ameliandika kama mtu aliyesimuliwa.

Wiki hiyohiyo Awadhi akakosekana kazini.

Awadhi alikuwa mwendesha korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita bila kupewa hata onyo moja. Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Alhamisi asubuhi meneja, Bwana Jonathan, Msambaa mpole lakini mtu wa taratibu, alimwita Tatu ofisini kwake.

"Kesho zinatimia siku tano," alisema. "Niandalie barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu."

"Umempigia simu, meneja?"

"Hapokei."

"Basi niruhusu nimfuate nyumbani leo."

"Mfuate. Lakini barua iandaliwe."

Wote wawili walijua vikao vya namna hiyo huishia wapi. Mtu akitoroka kazi siku tano bila taarifa, hakuna mengi ya kujadili.

Awadhi alikaa Kwamndolwa, nyumba ya tofali za kuchoma yenye shamba dogo la mahindi nyuma yake. Mkewe, Maryamu, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alipomwona Tatu aliweka gunzi chini.

"Afadhali umekuja, dada yangu. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Kila asubuhi anavaa nguo za kazi, anatoka. Anafika pale darajani, ambapo mlio wa korona unaanza kusikika, halafu anarudi. Akirudi, hasemi na mtu."

Awadhi alikuwa amekaa chumbani juu ya ndoo iliyofunikwa, bado amevaa ovaroli. Tatu alimwamkia, akakaa kizingitini, akamsemesha Kizigua, lugha ya kwao wote wawili. Walizungumza kwanza habari za mvua, kisha za viwavi walioingia mahindini. Ilichukua muda. Mwisho Awadhi mwenyewe akalianza.

"Ile mashine ikianza kupandisha mlio, namwona Yusuph," alisema.

Yusuph alikuwa mlishaji wa korona. Mwezi wa pili mkono wake ulinaswa kwenye mkanda unaopeleka majani ndani ya mashine. Awadhi ndiye aliyekimbilia swichi akazima. Yusuph alipona, alipoteza vidole vitatu, na sasa alikuwa kwao akiuza duka na kuwatania wateja kama zamani.

"Yusuph mwenyewe anacheka," Awadhi alisema. "Nimekwenda kumwona mara mbili, ananichekesha. Mimi ambaye sikukwaruzwa hata kucha ndiye siwezi. Nimejikaza tangu siku ile, sasa mikono inakufa ganzi. Nikiulizwa naumwa nini, nitasema nini?"

"Unaumwa, kaka Awadhi."

"Siumwi. Nina mawazo tu."

 Neno hilo, mawazo, Tatu alikuwa amelisikia maisha yake yote, Handeni na Korogwe, kwa wanawake kisimani na kwa wazee msikitini, na katika kurasa zake thelathini na mbili halikuwamo hata mara moja. Aliagana nao akiwa ameamua kufanya jambo, ingawa hakujua ataanzia wapi.

Miaka tisa kabla ya hapo, Tatu alifanya kazi katika ofisi moja mjini Handeni. Alijifungua mtoto wa kike, na siku ya tatu mtoto akafariki. Likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi kazini, akakaa mezani kwake wiki mbili bila kuweza kusoma hata barua moja mpaka mwisho. Herufi zilimchezea. Akamwambia bosi wake ana malaria sugu. Akapewa ruhusa, ikaongezwa, ikaongezwa tena, ikafika miezi mitatu. Aliporudi wenzake walimpa pole ya malaria, naye akaitikia. Tangu hapo hakumwambia mtu, hata alipohamia Korogwe na kuajiriwa kuwaangalia wafanyakazi wengine. Wakati mwingine akipitia mafaili ya watu, akiona malaria zisizoisha na migongo isiyopona, alikuwa akilifunga faili na kuendelea na kazi.

Barua ya Awadhi ilitoka Ijumaa. Kikao kilipangwa Jumatano. Jumapili Tatu alikwenda Chanika ya Handeni, kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Mama yake alikuwa akichambua kisamvu. Tatu akavuta kigoda, akamsaidia. Walipofika nusu ya fungu alisema, bila kuinua macho, "Mama, ile malaria yangu ya mwaka ule. Haikuwa malaria."

Mama yake aliendelea kuchambua majani.

"Malaria gani inakaa miezi mitatu bila homa?" alisema. "Nilikuwa nakuletea uji, nakuta umeukodolea macho ukuta. Uji unapoa, naupasha, unapoa tena. Wewe ulidhani mimi sioni?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa nikikuuliza utalia, na ukianza kulia hutanyamaza."

"Na mimi sikukwambia kwa kuogopa utalia wewe."

Wakatazamana, kisha wakacheka, kicheko kilichochanganyika na machozi, mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Walipotulia Tatu alimweleza habari za Awadhi na kikao cha Jumatano, na lile alilotaka kulisema mbele ya meneja. "Wakisema mtu kama mimi hafai kuwaangalia wengine?"

"Watasema. Nawe utawajibu, mdomo unao." Mama yake akalisogeza sinia. "Mlete huyo meneja wako hapa nimweleze mimi, kama wewe utashindwa."

Jumatatu Tatu aliomba kikao kisifanyike kiwandani. Aliomba kifanyike kwenye ofisi ndogo ya kampuni pale mjini, ambako korona haisikiki. Bwana Jonathan alishangaa kidogo, akakubali. Jumatano saa nne Awadhi alifika na shati safi, Maryamu akamsubiri nje kwenye benchi. Ndani walikuwa wanne tu: meneja, Tatu, Awadhi, na Rosa, aliyekuja kwa niaba ya wafanyakazi na ambaye hakuwa amezungumza na Tatu tangu siku ile ya ghalani.

Meneja alisoma tuhuma. Akamuuliza Awadhi kama ana sababu.

"Sina, meneja," Awadhi alisema. "Nilishindwa kuja."

 Tatu aliona akingoja zaidi hatasema.

"Sababu anayo," alisema. "Ila hana pa kuiandika. Hata mimi sikuwa na pa kuiandika." Akaeleza yote, habari za mtoto, za meza, za herufi, na za malaria ya uongo. Hakuyapamba. Alisema kwamba kama siku ile angekuwapo mtu mmoja wa kumwambia kapumzike, kisha tutakupa kazi nyepesi, asingedanganya, na pengine asingekaa miezi mitatu. "Awadhi hajadanganya," alimalizia. "Ndilo kosa lake. Angesema ana malaria tungempa pole."

Bwana Jonathan aligeuzageuza kalamu. Awadhi alikuwa akimtazama Tatu kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Rosa ndiye aliyesema, kwa sauti kali isiyokuwa na hasira ndani yake.

"Sasa mbona hukuandika hivyo kwenye zile karatasi zako?"

"Niliona aibu, mama Rosa."

"Ndiyo maana hatukukuelewa."

"Hata hivyo sera haijapitishwa," meneja alisema. "Na nikimwachia huyu, kesho watakuja ishirini, kila mmoja ana mawazo."

"Siku ya Yusuph tulikuwa watu tisa pale kwenye mkanda na mlangoni pa kiwanda," Rosa alimjibu. "Mimi mmoja wao. Miezi mitatu sasa imepita. Amekuja nani kwako, meneja? Hakuna hata mmoja. Huyu ndiye wa kwanza, na hakuja mwenyewe, mmemwita."

 Meneja alifungua daftari lake, akapekua. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Awadhi, unajua kazi ya kitalu?"

"Kitalu cha miche?"

"Kule juu, mbali na kiwanda. Wanapungukiwa na watu wawili. Nenda miezi mitatu, mshahara wako uleule. Baada ya hapo tutaona." Akamgeukia Tatu. "Na wewe utampeleka kwa daktari anayejua mambo haya, pale hospitali ya wilaya. Sijui linaitwaje jambo lenyewe, lakini nendeni."

 Awadhi alisimama, akafungua mlango, akamwambia Maryamu jambo moja fupi kwa Kizigua. Mle ndani wakasikia sauti ya mwanamke akimshukuru Mungu, mara mbili, mara tatu.  Tatu alikuwa amelisema lake, na dari haikuanguka. Meneja alikuwa tayari anauliza kama barua ya uhamisho itakuwa tayari mchana.

Jumamosi tatu zilizofuata Tatu alipanda pikipiki mpaka Magoma, nyumbani kwa Rosa. Walikaa barazani na zile kurasa thelathini na mbili, na Rosa akawa anauliza neno moja tu: "Hapa unamaanisha nini?" Tatu akieleza, Rosa anasema, "Basi andika hivyohivyo." Fomu namba tatu ilikwenda na maji siku ya kwanza. Mahali pake pakaandikwa kwamba mtu akizidiwa na mawazo, akikosa usingizi, au akiogopa mashine baada ya ajali, amwambie afisa au mwakilishi mmoja, na huyo hatalitangaza wala kuliandika kwenye faili bila ruhusa yake. Atapewa mapumziko na kazi nyingine kwa muda, na kuelekezwa hospitali. Baada ya ajali yoyote, waliokuwapo wote wataulizwa hali zao, hata wasio na jeraha. Upande wa ujumuishi Rosa alikuwa na orodha yake tangu zamani, akaisema yote bila kupumua. Mwisho zilibaki kurasa mbili.

Bodi ilizipitisha mwezi wa nane kwa kubadilisha maneno mawili. Miezi mitatu ya Awadhi ilipotimia, alikuja mwenyewe mpaka ofisi ya mjini. Bado hapiti karibu na korona, alisema, lakini analala. Aliomba abaki kitaluni moja kwa moja. Alikuwa amewafundisha wenzake namna ya kupanga miche ili isiungue na jua, na hakutaka kuiacha kazi hiyo njiani. Meneja alitia sahihi akiwa amesimama.

Kisha Tatu akarudi ghalani, saa saba, mbele ya watu walewale juu ya marobota. Safari hii alianza na habari zake mwenyewe, kwa ufupi, halafu akasoma kurasa mbili. Hakuna aliyeondoka. Rosa alikaa mbele, gongo likiwa mapajani.

Maswali yalikuwa mengi. Fundi mmoja aliuliza kama asiyesikia vizuri atawekewa taa ya kumwashiria mashine inapowashwa. Mama mmoja aliuliza habari za ngazi ya chumba cha brashi, ambayo ikinyesha huteleza. Kijana wa kufunga marobota akanyoosha mkono nyuma kabisa.

"Dada Tatu, hiyo ya kuzidiwa na mawazo, na sisi wanaume tunaruhusiwa?"

Ghala lote likaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka.

"Ninyi hasa," Tatu alisema.

Kengele ya saa nane ikalia. Watu wakanyanyuka, wakijipangusa nyuzi nguoni, na wanaume watatu wakabaki nyuma, kila mmoja akijifanya anafunga kamba za viatu.